Swichi ya kituo cha data: kabla ya kuuliza mbio yake, uliza nani ataitengeneza

Kwenye hospitali, karani wa mapokezi anaandika jina la mgonjwa na kompyuta inabaki kuzunguka tu. Kwenye koperative ya akiba, mwanachama anataka kutoa dola 50 zake na anajibiwa: "Rezo imekatika, rudia kesho." Watu wanalaumu kampuni ya simu, ao antena ya mlimani. Mara nyingi wako na sababu. Lakini mara zingine kosa haliko mlimani. Liko ndani ya chumba chenye baridi, chenye kufungwa na ufunguo, kwenye mashini moja nyembamba ambayo mkaaji wa kawaida haioni hata siku moja. Mashini hiyo inaitwa swichi.

Kinshasa kuna vituo vikubwa vya data, kama vile vya kampuni OADC Texaf na Raxio. Huku mashariki, kwa hospitali, chuo kikuu ao koperative, "kituo cha data" mara nyingi ni chumba kimoja, kabati moja ao mbili za chuma, betri na jenereta nje. Lakini swali ni lilelile kwa mkubwa na kwa mdogo: kati ya swichi zote ambazo wauzaji wanasifu, tununue gani? Na tangu Kongo ipate Kodi yake ya dijitali, kwa sheria ya tarehe 13 Machi 2023, kulinda data za watu si mapenzi mema tu, ni jambo la sheria pia.

Wauzaji wanapenda kuongea juu ya mbio. Kwa mkaaji wa Bukavu, Goma, Butembo ao Bunia, swali la kwanza ni lingine: siku swichi hii itakufa usiku wa Jumamosi, nani ataibadilisha, na kitu gani, na kwa njia gani?

Swichi inafanya kazi gani?

Swichi ni kama mgawa barua ndani ya mtaa. Kila mashini kwenye rezo iko na anwani yake, ambayo kiwanda kimeiandika ndani. Swichi inaangalia barua zinapotoka, inakumbuka: "Anwani hii iko kwenye mlango wa 7." Kisha barua ya anwani hiyo inaipeleka kwenye mlango wa 7 tu. Mashini za zamani zilizoitwa habu hazikuwa na akili hiyo. Zilikuwa zinapiga kelele kwa nyumba zote, na kila nyumba inasikia barua ya jirani.

Ndani ya kituo cha data, seva za kabati moja zinaunganishwa kwenye swichi ya kabati hiyo. Kama makabati ni mengi, swichi za makabati zinaunganishwa na swichi zingine za katikati, kila moja na zote, ili njia moja ikifungwa zingine zibaki. Mpango huo unatoka kwenye kazi ya Charles Clos, mtaalamu wa maabara ya Bell kule Marekani, aliyeuandika mwaka 1953 kwa ajili ya simu za waya.

Mfano wa hesabu: swichi yenye kupendwa siku hizi katika vituo vikubwa iko na milango 48 ya gigabiti 25 kwa sekunde kwa upande wa seva, na milango 6 ya gigabiti 100 kwa upande wa juu. Seva zote zikiongea pamoja, zinaomba gigabiti 1,200. Njia za juu zinapitisha 600. Ni mbili kwa moja. Kwa kazi nyingi inatosha, juu seva zote haziongee kwa sauti kubwa wakati mmoja.

Kitu kimoja kinachanganya wengi: swichi haiongeze intaneti. Hospitali yenye kulipa megabiti 20 kwa sekunde itabaki na megabiti 20, hata ikinunua swichi ya gigabiti 100. Swichi inafanya seva na kompyuta za ndani ziongee vizuri kati yao. Ndiyo sababu pia mafundi walianzisha vituo vya kubadilishana intaneti, KINIX huko Kinshasa, LUBIX huko Lubumbashi na GOMIX huko Goma. Moyo wa kituo kama hicho ni swichi: makampuni yanaunganisha nyaya zao hapo ili ujumbe wa jirani kwa jirani usizunguke kwanza nchi za nje.

Nani wanashindana kwenye soko?

Kundi la kwanza ni majina makubwa. Cisco, kampuni ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1984, inauza swichi za Nexus kwa vituo vya data. Arista, iliyoanzishwa mwaka 2004, ilijipatia jina kwa programu yake EOS, ambayo inakaa juu ya Linux. Juniper ilianzishwa mwaka 1996, na tangu Julai 2025 iko mikononi mwa HPE, ambayo iliinunua kwa karibu dola miliardi 14. NVIDIA iliingia kwenye soko hili ilipomaliza kununua Mellanox mwaka 2020.

Kundi la pili ni Huawei ya China na swichi zake za CloudEngine. Mafundi wengi wa simu Afrika wanajua mashini za Huawei. Lakini tangu Mei 2019 Marekani iliiweka kwenye orodha ya makampuni yenye kukatazwa kuuziwa teknolojia ya Marekani bila ruhusa. Shirika ambalo linaishi kwa pesa za mfadhili lingeuliza mapema kama mfadhili huyo anakubali chapa hiyo, kuliko kugundua wakati wa kulipa fakture.

Kundi la tatu linaitwa "sanduku nyeupe". Hapo unanunua chuma kwa kiwanda kama Edgecore ya kundi la Accton, Taiwan, na programu unaichagua mwenyewe. Programu yenye kujulikana sana ni SONiC, ambayo Microsoft iliitoa kwa watu wote mwaka 2016, na tangu 2022 inalindwa na shirika la Linux Foundation. Facebook nayo ilionyesha swichi yake mwenyewe, Wedge, mwaka 2014. Makampuni makubwa hivyo yalichoka kulipa bei ya jina.

Kundi la nne halipendi kutajwa kwenye mikutano ya wakubwa, lakini liko kwenye makabati mengi ya Afrika: MikroTik ya Latvia. Moja ya swichi zake, CRS326, iko katika muundo wenye milango 24 ya gigabiti 10, na bei yake inahesabiwa kwa mamia ya dola, si kwa maelfu mengi.

Ndani, moyo mara nyingi ni mmoja

Jambo ambalo muuzaji hatakuambia kwa haraka: chapa nyingi zinanunua chipu moja. Kampuni Broadcom inatengeneza chipu za Trident na Tomahawk. Swichi nyingi za Arista ziko nazo, za Juniper ziko nazo, za Edgecore ziko nazo, na hata baadhi ya swichi za Cisco. Ni kama motokari tatu za rangi tofauti zenye injini moja.

Basi karatasi tatu za wauzaji zikionyesha mbio ileile, hilo si jambo la kushangaza. Tofauti ya kweli iko kwenye programu, lisansi, piesi na watu. Hapo ndipo mnunuzi anapaswa kukaa.

Programu na lisansi: mlango wa kutokea uko wapi?

Chapa kubwa zinauza chuma, kisha zinauza lisansi ya kutumia kazi fulani za chuma hicho. Lisansi zingine ni za mwaka, tatu ao tano. Bei ya siku ya kwanza basi si bei yenyewe. Inafaa kuomba proforma ya miaka mitano: chuma, lisansi, msaada, vyote pamoja.

Kisha kuna vipande vidogo vya kuunganisha fibre, ambavyo mafundi wanaita moduli. Chapa fulani zinaandika alama yao ndani ya moduli, na swichi inaweza kukataa moduli isiyo na alama hiyo, hata kama inafanana kabisa. Moduli ya jina kubwa inaweza kuuzwa mara nyingi zaidi ya ile ya kawaida. Kwa swichi yenye moduli 20, hesabu ya moduli inaweza kupita bei ya swichi yenyewe.

Je, sanduku nyeupe linatoa uhuru kabisa? Si lazima. Kisa cha Cumulus kinafundisha. Cumulus Linux ilikuwa programu yenye kupendwa na wale walionunua sanduku nyeupe zenye chipu za Broadcom. Mwaka 2020 NVIDIA ilinunua kampuni ya Cumulus. Kisha matoleo mapya, kuanzia 4.4, yaliacha kukubali chipu za Broadcom. Watu waliochagua sanduku nyeupe ili wasifungwe na mtu walijikuta na chuma kizima lakini programu isiyo na kesho. Wengine walihamia SONiC, lakini kuhama kunataka fundi mwenye kujua na usiku kadhaa bila usingizi.

Kuna kufungwa kwa aina nyingine pia. Ili seva isikatike, inaunganishwa na swichi mbili zinazojifanya kama moja. Mafundi wanaita mpango huo MLAG. Kila chapa iko na namna yake ya kuufanya, na swichi za chapa mbili tofauti hazikubaliane kuwa jozi. Mwenye kununua moja leo na kusema "ya pili tutatafuta mwakani" anapaswa kujua kwamba ya pili itapaswa kuwa ya chapa ileile.

Umeme, hewa na vumbi

Watu wanaangalia bei, wanasahau wati. Tuchukue swichi mbili zenye kula wati 250 kila moja, usiku na mchana. Kwa mwaka zinakula kilowati-saa 4,380. Jenereta ya kawaida inatoa karibu kilowati-saa 3 kwa litri moja ya mazutu. Kama umeme wote ungetoka kwenye jenereta, ni litri 1,460 kwa mwaka. Swichi mbili za wati 100 kila moja zingekula litri 584. Tofauti ni litri 876 kila mwaka, bila kuhesabu mashini ya kupoza chumba. Kwa hospitali, hayo ni mafuta ya chumba cha upasuaji.

Jambo la pili ni upande wa upepo. Swichi za kituo cha data zinauzwa kwa namna mbili: zingine zinavuta hewa mbele na kuitoa nyuma, zingine kinyume. Ukikosea wakati wa kuagiza, swichi itavuta hewa moto inayotoka kwenye seva. Nyingi zinakubali joto mpaka nyuzi 40, na hewa ya nyuma ya kabati inaweza kupita hapo. Kosa hilo halionekane siku ya kwanza. Linaonekana kisha miezi, wakati mashini inaanza kuzimika bila sababu.

Goma na Bukavu ziko karibu mita 1,500 juu ya bahari. Hewa ya milimani ni nyepesi, na hewa nyepesi inapoza kidogo kuliko ile ya pwani. Karatasi ya kiwanda inaandika mashini inakubali joto gani kwa urefu gani. Ongeza vumbi la mawe ya volkano: wakaaji wa Goma wanakumbuka majivu ya kisha mlipuko wa Nyiragongo wa tarehe 22 Mei 2021. Swichi yenye vantilateri za kuchomoa na kubadilisha bila kuizima inafaa huku. Na iwe na alimentasio mbili: moja kwenye umeme wa mji, ingine kwenye betri.

Siku swichi inakufa

Majina makubwa yanauza mkataba wa msaada: piesi mpya inafika siku ya kazi inayofuata. Kule London ao Johannesburg, ahadi hiyo iko na maana. Huku, inapaswa kuulizwa tena polepole. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa Januari 2025 wakati wa mapigano. Piesi inayotoka Nairobi ao Kampala inapita barabara, mipaka, duane na wakati mwingine mvua iliyobeba daraja. "Siku inayofuata" inaweza kugeuka wiki tatu.

Kwa hiyo piesi ya kweli ni ile iliyo tayari ndani ya stoku, kwenye mji uleule. Tuchukue mfano wa hesabu tu, bei si za duka fulani. Hospitali iko na seva 20 na inataka swichi mbili kwa miaka mitano.

Ofa ya kwanza, jina kubwa: dola 9,000 kwa swichi moja, na dola 1,500 za lisansi na msaada kila mwaka. Kwa mbili, miaka mitano, ni dola 33,000. Ya akiba haimo.

Ofa ya pili, sanduku nyeupe: dola 5,000 kwa moja, zinunuliwe tatu, ya tatu ikae kwenye stoku. Ongeza dola 6,000 za kufundisha mafundi wawili na dola 1,000 kwa mwaka za msaada wa programu. Jumla dola 26,000.

Ofa ya tatu, swichi ndogo ya dola 600: zinunuliwe nne, mbili zikae kwenye stoku. Jumla dola 2,400. Hakuna mkataba, hakuna mtu wa kupigia simu usiku, na kazi fulani za vituo vikubwa haimo.

Seva 20 zenye milango miwili ya gigabiti 10 kila moja, mlango mmoja kwa kila swichi, zinaingia kwenye swichi mbili za milango 24. Kwa hospitali hiyo, ofa ya tatu si aibu. Inaweza kuwa salama kuliko ya kwanza isiyo na akiba. Lakini benki ya makabati kumi, yenye wakaguzi na yenye kupaswa kuonyesha mkataba wa msaada, haiwezi kujibu hivyo. Na ofa ya pili bila mafundi wawili waliofundishwa ni mtego: fundi mmoja akipata kazi Kigali ao Kinshasa, ujuzi wote unaondoka naye.

Swichi pia inaweza kuwa nzima na kila kitu kikasimama. Tarehe 4 Oktoba 2021, WhatsApp, Facebook na Instagram zilizimika dunia nzima kwa karibu saa sita, hata huku. Hakuna mashini iliyoungua. Ni amri moja mbaya, wakati wa kazi ya kawaida ya matengenezo, iliyokata njia kati ya vituo vya data vya kampuni hiyo. Mafundi walishindwa kuingia kwa mbali, juu vifaa vyao vya kuingilia vilipitia rezo ileile iliyokatika. Walipaswa kwenda kwenye mashini kwa miguu. Funzo kwa chumba kidogo: kila swichi iwe na mlango wa pembeni wa kuiongoza, waya wake uwe karibu, na kopi ya mipangilio iwe imeandikwa fasi ingine.

Kuangalia mali ya bandia

Wafanyabiashara wetu wanafika Dubai na Guangzhou, na swichi zinarudi ndani ya mizigo. Zingine ni nzuri, zingine ni za mkono wa pili, zingine ni za bandia. Mwaka 2020, kampuni ya usalama F-Secure ya Finland ilichapisha uchunguzi juu ya swichi mbili za bandia za Cisco aina ya Catalyst 2960-X. Mwenyewe alizigundua wakati zilikataa kufanya kazi kisha kuwekewa programu mpya. Mei 2024, korti ya Marekani ilimfunga mfanyabiashara mmoja miaka 6 na miezi 6 kwa kuuza mashini za Cisco za bandia. Zingine zilifika mpaka kwenye hospitali, mashule na jeshi.

Dawa ni nyepesi: omba namba ya mashini kabla ya kulipa, na uiulize kwa kiwanda. Mkono wa pili si vibaya, kama muuzaji anasema wazi na kama kiwanda bado kinatoa programu za usalama kwa aina hiyo. Cisco, kwa mfano, inapoacha kuuza aina fulani, kwa kawaida inaendelea kusaidia chuma hicho miaka mitano. Swichi ya bei ndogo inaweza kuwa imebakiza mwaka mmoja tu.

Maswali ya kupeleka kwa muuzaji

1. Bei ya miaka mitano, pamoja na lisansi, moduli na msaada, ni ngapi?
2. Lisansi ikiisha, swichi inaendelea kufanya kazi ao inafunga milango?
3. Inakubali moduli za chapa zingine? Andika jibu kwenye mkataba.
4. Inakula wati ngapi, na hewa inaingia upande gani?
5. Piesi ya kubadilisha iko mji gani leo? Nani amelipa duane yake?
6. Aina hii itaacha kuuzwa lini, na programu za usalama zitaendelea mpaka mwaka gani?
7. Katika mji wetu, mafundi wangapi wanaijua?

Muuzaji anayejibu saba zote kwa maandishi anastahili kusikilizwa, hata kama chapa yake haina jina kubwa. Yule anayerudi kila mara kwenye gigabiti, aombwe kwanza jibu la swali la tano.